Kibanzi cha Mninga

Bwana, leo sikuja na zaburi.
Nimekuja na vumbi la mninga puani
na neno ambalo hata mke wangu sijamwambia.

Katekista Mlekwa alifika karakana Jumatatu,
matawi ya Jumapili hayajakauka bado,
akakaa juu ya benchi la randa, akasema:
"Fundi, msalaba wa mwaka jana umeliwa na mchwa.
Tuchongee mwingine. Ijumaa Kuu tunaanzia Ipuli,
tunapita Cheyo, tunamalizia kanisani."
Nikauliza, kama mtu anayeuliza bei ya misumari,
nani atabeba kituo cha tano.
Akafungua daftari.
Kapufi.

Kapufi, Bwana. Unamjua.
Aliyepanda kizimbani na shati la pasi,
akaapa kwa jina lako kwamba mbao zangu hazina kibali,
na kibali kimekunjwa mfukoni mwake.
Siku sabini na mbili nililala ubavu mmoja mahabusu ya Uyui,
tumepangwa kama mbao stoo,
na mama akazikwa bila konzi yangu ya udongo.
Kesi ilifutwa.
Kingine hakikufutwa.

Mbao zilirudi, nusu yake. Nikachonga katika hizo.
Mti huu ukiukata unatoa utomvu mwekundu,
unashuka kwenye gome kama kitu kilichochinjwa;
wageni hushtuka, sisi tunafuta msumeno tu.
Nilipiga randa, nikapiga msasa,
hadi ukateleza kama shavu la mtoto,
isipokuwa shubiri moja,
pale bega linapoingia.
Hapo nilipaacha.
Nikapapasa kwa dole gumba nihakikishe panachoma.

Wewe uliwaombea wenye nyundo
ukisema hawakujua walitendalo.
Mimi nilijua.

Ijumaa, mvua ya asubuhi ilituachia matope, kisha jua.
Kituo cha tano kilikuwa mbele ya mashine ya kusaga.
Mzee Ramadhani akazima injini kwa heshima yetu,
akasimama mlangoni, barakashia nyeupe, nyusi nyeupe kwa unga.
Kapufi akainama, akaupokea.
Nikauona uso wake ukijikunja.
Nikangoja abadili bega.
Hakubadili.
Kituo cha sita vijana walitaka kumpokea, akakataa kwa kichwa.
Cha saba. Cha nane.
Tulipiga magoti kwenye tope,
mdomo wangu unakuabudu na kukushukuru,
macho yangu yanapima doa kwenye shati lake
linavyopanuka.

Usiku akapiga hodi karakana.
Hakunisalimu. Alivua shati, akanigeuzia mgongo karibu na chemli.
"Kimeingia ndani, fundi. Nesi ameshindwa kukiona."
Nikachukua sindano ya mke wangu, nikaipitisha motoni.
Kilitoka kirefu kama ukucha.
Nikasema, "Nilipaacha makusudi."
Akasema, "Nilijua nilipougusa tu. Wewe huwa hukosei randa."
Mbwa akabweka mbali, upande wa reli.
"Mama yako..." akaanza,
na sentensi ikamfia mdomoni.

Sikusema nimekusamehe.
Wala yeye hakuomba.
Nilichovya kidole kwenye asali ya Sikonge, ile nyeusi,
nikampaka kidondani kama mama alivyonipaka mimi,
nikamshikia shati akaingiza mkono.
Kama hiyo ni sala, ipokee.
Kama siyo, nifundishe iliyobaki.

Kibanzi chake ninacho, kwenye kopo la misumari.
Boriti yangu unajua ilipo.
Kesho kabla ya mkesha nitaurudia ule msalaba kwa msasa.
Ila pale palipoingia damu, rangi moja na mti wenyewe,
Bwana, sijui kama nipasugue.