Kiswahili cha Zege

Neno la kwanza lilikuwa lete.
La pili, lete, we!
Kisha shusha, pandisha, mwaga, koroga,
na moja ambalo Nambaila alinikataza kulitamka
mbele ya mama wa mtu.

Kimara. Ghorofa ya tatu bado ni nondo tupu,
begani nina ndoo ya zege,
kichwani sina hata sentensi moja nzima.
Msimamizi na daftari lake: Jina?
Misago.
Unaishi wapi?
Sinzi, nikasema. Kwetu maana yake sijui.
Akaandika: Sinza.
Miezi miwili nimeishi Sinza ya daftarini
huku nalala palepale, juu ya mifuko mitupu ya saruji,
na kila asubuhi kuna mtu ananiuliza
nauli ya Sinza siku hizi kiasi gani.

Fundi Mwinshehe alitaka mwiko.
Nikampelekea koleo. Nikampelekea pimamaji.
Nikampelekea kamba, na kicheko kikashuka ngazi kwa ngazi
hadi kwa wapiga ripu.
Saa saba, kwa Bi Siwema, nausikia tena:
nipisheni mwiko wangu.
Nauona sufuriani, unasonga ugali.
Nikaunyakua, nikapanda nao mbio, bado unatoa moshi.
Hakuna aliyefanya kazi nusu saa nzima.
Jioni wakanifundisha mwiko wa tatu:
kumuuliza tajiri habari za pesa
akiwa na wageni.

Ngeli zilinichoma kuliko jua.
Nilisema tofali yule, maji huyu.
Siku niliyosema fundi hiki
walicheka wakashika mbavu.
Mimi wananiita kijamaa hiki,
na sarufi, nasikia, iko sawa.

Bi Siwema ndiye aliyeniambia sina adabu.
Nilisimama mbele ya sufuria zake:
lete wali, lete maharage, haraka!
kwa sauti ya Mwinshehe,
kwa mkono wa Mwinshehe kiunoni.
Ndicho Kiswahili nilichokisikia mchana kutwa.
Hakuna aliyewahi kuniomba kitu,
naomba ningeiokota wapi?
Sema: naomba, mama.
Naomba, mama.
Akaongeza kichwa cha samaki.
Nikaondoka nalo hilo neno, nalitafuna njia nzima.

Lililonichelewa ni kesho.
Kwetu jana na kesho ni neno moja, ejo;
siku inayotoka na siku inayoingia
zinalala kitanda kimoja.
Huku wamezitenganisha.
Jumamosi tajiri anasema kesho.
Jumapili hayupo.
Jumatatu: kesho.
Nikadhani masikio yangu yana kosa,
labda anasema alishalipa.

Jumanne nikauvunja ule mwiko.
Wageni wawili, viatu safi, wanakagua nguzo.
Naomba hela yangu, bosi.
Siku kumi na moja.
Ile kesho ya Jumamosi, leo ni juzi.
Sikukosea hata ngeli moja.
Nambaila aliacha sepetu ikining'inia hewani.
Tajiri akanitazama kama tofali limekohoa.
We kijana, acha Kiswahili kingi.

Kiswahili kingi!
Mimi!

Alitoa nusu.

Usiku nikampigia mama, Cankuzo,
salio la dakika mbili.
Nyingine lini?
Kesho, nikasema, ulimi umeteleza.
Hakunielewa.
Ejo, mama. Ejo.
Akanyamaza. Nyuma yake nasikia mbuzi,
na mtu anafunga mlango usiofungika vizuri.
Anapiga hesabu moyoni
kama pesa zinakuja
au zilishafika, yeye hakuziona.