Mwezi Ulioliwa

Baba yangu, Isogai Tahei, alikuwa mpiga saa wa ngome.
Saa zenyewe hakuzisoma popote. Alizichoma:
unga wa ubani aliumimina juu ya majivu
mwembamba, wenye kona, kama njia ya sisimizi;
moto ukitambaa ukakifikia kijiti,
yeye alikwishapanda ngazi thelathini na tisa za mnara
na mikono iko tayari.
Kenda, usiku wa manane.
Kisha nane, saba, sita kunapopambazuka,
tano, nne,
halafu kenda tena, jua la utosini.
Mbona tunahesabu kushuka? nilimuuliza.
Siku ni gunia la mchele, Nui. Umewahi kuona gunia likijaa lenyewe?

Saa zake zilikuwa na mwili.
Kiangazi za mchana zilinenepa, zikalala kibarazani;
theluji ilipoelemea mapaa zikakonda,
na mkulima, na mfua panga, na bwana wa ngome mwenyewe
wakakonda nazo.

Mwezi wa kumi na moja tangazo lilibandikwa langoni.
Mwezi wa kumi na mbili utakuwa na siku mbili.
Ya tatu yake ni mwaka mpya.
Saa zitakuwa ishirini na nne, zote kimo kimoja,
jua lipende lisipende.

Hatukuwa tumetwanga mchele wa sikukuu.
Yohachi muuza miso alikuja na daftari lake kabla ya wakati,
maana madeni hufungwa mwaka unapofungwa,
akasimama mlangoni akiona haya:
Nami pia, mama, nimeibiwa mwezi.
Posho yetu ya mchele, ya kulisha watu wawili
(tulikuwa watano),
haikutoka. Karani alieleza kwa adabu sana:
mtu halipwi kwa mwezi ambao haukuwepo.

Usiku wa mwaka mpya baba alitoka nje.
Juu palikuwa na mwezi wa siku tatu,
ukucha tu,
umesimama pale kama shahidi
ambaye hakuna aliyemwita barazani.
Siku hazigandi, watu husema.
Hawasemi kwamba zinaweza kukatwa.

Mnara uliuzwa kwa mfanyabiashara wa kuni.
Bei yake naijua, siitaji.
Mzinga ukawekwa kilimani upige adhuhuri,
ukipigwa na kijana aliyekata shungi la nywele
na kutazama kiganjani, si mbinguni.
Baba alishtuka kila siku, kwa muda wa miaka miwili.
Unapiga kelele, alisema, lakini hausemi ni ngapi.

Mimi nilikwenda kiwanda cha hariri nikiwa na miaka kumi na mitano.
Honi ililia gizani, saa kumi na nusu.
Vidole vyangu vilitokota pamoja na vifukofuko,
nikiutafuta uzi, nikiupata, nikiupoteza;
na saa ya Januari ilikuwa ndefu sawa na ya Julai,
haikumwonea mtu huruma, haikumbagua mtu.
Sitasema uongo: nililipwa.
Fedha yangu, mkononi mwangu, jina langu limeandikwa
na mimi mwenyewe nimelisoma.
Mama yangu hakuwahi kuona jina lake.

Kwa fedha hiyo nilimnunulia baba saa ya ukutani.
Aliitegea sikio kama tabibu.
Inakimbia bila kuvuta pumzi, alisema,
akaitundika juu ya bakuli la majivu.

Tangu siku hiyo aliitia ufunguo kila jioni
akihesabu kwa sauti, mzunguko kwa mzunguko:
kenda, nane, saba, sita, tano, nne.
Hapo huacha.
Hapo ndipo saa zilipokuwa zikiacha.

Kwa hiyo kila siku kabla ya mapambazuko ilikuwa ikifa,
naye akiamka aliutazama uso wake uliosimama
kwa namna ambayo, naapa, ilikaribia furaha.

Niliporudi nyumbani kwa likizo ya theluji
nilingoja alale.
Nikanyata, nikaushika ufunguo,
nikamalizia kimyakimya:
tatu.
Mbili.
Moja.