Piko

Kucha hizi nilizipaka mimi, Alkhamisi,
kwa harusi ya Rukia.
Leo, Mkoani, chumba cha mahututi,
kibanio kimembana mama kidole
na mashine haioni kitu:
vistari viwili, kisha mlio.

Nesi kasugua kwa spiriti.
Piko langu halitoki kwa spiriti.

Akaipa mgongo ile skrini, Mwanakheri,
akamshika mama mshipa wa mkono,
akafumba macho, midomo ikihesabu.
“Unapiga,” kaniambia. “Kwa mbali, lakini unapiga.”

Ndipo akamvua kipuli cha kulia,
polepole, kama anayemvua mtoto aliyelala,
kibanio akakihamishia kwenye ndewe.
Tisini na moja.

Kipuli kanitilia kiganjani, kina joto bado:
“Kiweke. Akiamka atakiulizia.”