Dirisha la Tatu, Horohoro

Nimefika saa mbili na robo, Proboksi inanuka korosho
na mkanda wa feni unalia kama mtoto mwenye mafua.
Kadi ya gari ninayo. Bima ya njano ninayo.
Barua ya mirathi ninayo, imekunjwa mara nne
ndani ya mfuko wa nailoni uliokuwa na vitumbua.
Ninachokosa ni kibali tu, cha siku kumi na nne,
nimfuate shangazi Mwanamkasi kule Vanga:
miguu imemgomea, na kaburi la kaka yake hajaliona.

Bwana Shemhilu wa forodha anachuchumaa mbele ya boneti,
anasugua namba ya chesisi kwa kidole alicholowesha mate.
Anaandika: tairi la akiba, moja. Jeki, hakuna.
Redio ipo, haisemi.
Kisha anaingia ndani, anabonyeza, anabonyeza tena,
anavua miwani.

"Dada, gari hili haliwezi kutoka."
Kwa nini?
"Limeshatoka."

Kwa mujibu wa kompyuta
lilivuka hapa miaka tisa iliyopita, mwezi wa Machi,
dereva Mbwana Mwakidila, siku kumi na nne,
na mpaka leo halijarudi.
Namwonyesha: si lile pale,
linadondosha maji ya rejeta kwenye changarawe zenu?
Anatazama nje. Anatazama kioo cha kompyuta.
Anaamini kioo.

Nikakaa kwenye benchi. Dereva wa lori la saruji akanisogezea nafasi.
Sikulia, msidhani. Nilikuwa nahesabu.
Basi miaka yote tisa,
hata ile mitatu ya sukari na kidonda kisichofunga,
hata ule usiku wa Bombo, kitanda cha karibu na mlango,
katika vitabu vya serikali baba yangu alikuwa Mombasa.
Yuko kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, mkono nje ya dirisha,
anakula viazi vya karai, ukwaju unamchuruzika hadi kiwikoni,
simu inaita, anajifanya hasikii.
Tumemzika Duga, na bado anadaiwa kurudi.

"Ni jambo dogo," Shemhilu akasema. "Jaza fomu hii.
Andika lilirudi lini, tia sahihi, lipa faini,
mimi nafunga faili."

Kalamu yao imefungwa kwa uzi wa katani,
uzi mfupi, lazima uiname.

Nikampigia mama.
Mama, ile safari ya baba ya Mombasa, ya mabati,
alirudi siku gani?
Kimya. Nikasikia kifuniko cha sufuria, kuku, mtoto wa jirani akisoma Juzuu.
"Kwani anauliza nani?"
Serikali.
"Alhamisi. Nilipika bokoboko. Aliingia usiku, mvua hiyo,
akapiga honi mara tatu kama mtu aliyeshinda kura.
Akasema dirishani hapakuwa na mtu, akapita zake."

Nikaandika Alhamisi, tarehe nikaitafuta kwenye simu.
Nikaandika: gari limerudi.
Halafu, sijui nini kilinisukuma,
pale palipoandikwa maelezo ya ziada,
nikaongeza: na dereva.
Shemhilu akasoma, hakufuta.
Mhuri. Risiti. Mhuri.
Kibali kikatoka kwenye mashine, bado cha moto.

"Ukirudi," akasema, "hata iwe usiku, gonga hapa.
Nikiwa nimelala, gonga zaidi."

Nilikuwa nimeshavuka kizuizi,
Lunga Lunga inanijia na vibanda vyake vya kubadilisha pesa,
ujumbe wa mama ukaingia:

mwanangu si alhamisi, ilikuwa jumatano.
bokoboko lilikuwa kiporo. alilila hivyo hivyo
na hakulalamika