Dola Nne na Senti Thelathini na Tano

Ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi, Sudbury, Januari.
Chini ya pete ya mpira wa kikapu tumeketi wanne,
buti zetu zinachuruzika theluji kwenye sakafu ya nta.
Tumemaliza kipande cha kwanza. Mwalimu anasema: maswali?
Na Maëlle wa safu ya mbele, pengo mbele ya mdomo,
haulizi fidla ilichongwa kwa mti gani.
Anauliza: "Nani anawalipa?"

Nikautazama upinde wangu, singa za mkia wa farasi
ambazo bado nadaiwa.

Tiketi, Maëlle, hulipa theluthi.
Theluthi yote inaishia kwenye taa na ukumbi
na fundi wa mabomba, ambaye huja hata asipoitwa.
Serikali hutuma hundi, kabla ya hundi fomu,
na fomu ni ndefu kuliko simfonia.
Kampuni ya nikeli huandikwa kwenye programu
kwa herufi nene kuliko za mtunzi.
Halafu kuna marehemu Ilmari Koskela, mchimbaji,
aliyetusikia mara moja tu, mwaka wa mgomo,
tulipopiga bure langoni mwa mgodi, vidole vimekufa ganzi.
Alituachia nyumba, paa bovu, paka wawili.
Nyumba tuliuza.
Paka wako kwa mpiga zumari.

Kwetu Bukoba, nilikojifunzia nota kwenye kwaya,
husemwa haba na haba hujaza kibaba.
Hapa kibaba kina tundu chini
na tundu hilo linaitwa Februari.

Sisi wenyewe? Huyu wa selo ni muuguzi,
ametoka zamu ya usiku, anapiga amefumba macho
na watu hudhani ni hisia.
Mpiga ngoma za shaba huendesha katapila la theluji la manispaa:
dhoruba ikija, muziki wetu unakosa radi.
Na kondakta. Katika lugha yangu kondakta ni mdai nauli;
huyu wetu, akishainamia makofi,
hushuka na kopo, safu kwa safu.

Machi iliyopita bodi ilikaa. Bwana Thibodeau
alikuwa ameshaweka kalamu juu ya mstari wa "Ziara za shule".
"Haziingizi kitu," alisema, na hesabu ilikuwa upande wake.
Aulikki Rantanen, mtunza hazina, miaka themanini na mmoja,
akaichukua ile kalamu mkononi mwake,
akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.
Kikao kikaendelea bila kalamu.

Hayo yote sikumwambia.
Nilisema: "Watu. Watu ndio wanaotulipa."
Maëlle akakunja uso, kama mnunuzi aliyepunjwa.
Tukapiga kipande cha pili.

Baada ya wiki mbili ikafika bahasha,
imegandishwa kwa gundi yenye vimetameta
ambavyo mpaka leo tunavikuta kwenye nota.
Ndani: dola nne na senti thelathini na tano,
na barua ya mstari mmoja na nusu:
*Za yule wa katikati, asiyesikika.
Apige kwa nguvu.*

Wa katikati ni mimi. Napiga viola,
sauti ambayo hakuna anayeijua mpaka ikosekane.

Aulikki akafungua daftari la wafadhili.
Kwa kiasi hicho sheria haidai risiti; akaiandika,
akailamba stempu kabisa.
Kisha akaingiza jina la Maëlle kwa wino,
kati ya kampuni ya nikeli na marehemu Koskela,
herufi zote unene mmoja.

Jumamosi ile, ukumbi nusu, baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
katapila barabarani, radi hakuna,
nilipiga kwa nguvu.
Kondakta alinitazama vibaya mpaka mwisho.