Hesabu ya Taa

Taa zangu ni kumi na tisa.
Kila alfajiri mtumbwi ukigusa mchanga wa Igombe
nazihesabu kwa kidole, kabla hata ya kuuliza habari za dagaa.
Sikuwa hivyo. Lugembe ndiye aliyenifundisha hesabu,
usiku ule alipoifungua mashine ya mtumbwi wangu,
nguvu za farasi kumi na tano, mkopo wa kikoba haujafika nusu,
akaiuza visiwani kwa bei ya kutupa.

Alifungwa Butimba miaka minne.
Mimi nilifungwa na kikoba, mitatu na ushee.
Mwanangu Ng'washi aliacha bweni akaja kuanika dagaa.
Hilo hakimu hakuliandika.

Amerudi na cheti cha umeme, kimekunjwa mara nne,
na afisa ustawi, binti mmoja mwenye viatu vya vumbi,
aliyekalia ndoo yangu iliyopinduliwa, akasema:
"Mama Ng'washi, sikuombi umsamehe. Nakuomba kazi."
Nilimjibu ningempa jiwe alitafune.
Lakini taa saba zilikuwa zimekufa,
na giza la mwezi linaanza kesho yake.

Basi akakaa nyuma ya kibanda na bisibisi ya kuazima,
jicho moja kalifumba, waya kaubana mdomoni.
Watu wakapita wakikohoa kile kikohozi cha kusema.
Shemeji Bugumba hakukohoa: "Fisi umemkabidhi bucha."
Zikawaka zote saba.
Nikamlipa. Nikazihesabu
mbele yake, kwa sauti, makusudi.
Na kesho yake tena. Na mwezi mzima.

Jana ameniuliza, uso hajauinua:
"Mama, unajua kule tulihesabiwaje?
Wawili wawili, tumechuchumaa, asubuhi, adhuhuri, jioni.
Askari akikosea, anaanza moja.
Siku moja mzee wa ubavuni mwangu alikuwa ameshakufa.
Naye alihesabiwa."
Kisha akaukata waya kwa meno, akaendelea.

Sikusema kitu. Ningesema nini?
Mashine yangu haijarudi. Bweni la Ng'washi halijarudi.
Msamaha si dagaa,
uuanike asubuhi, jioni uukusanye.

Leo mtumbwi umegusa mchanga, bado kiza.
Kidole kimeinuka chenyewe, kama kawaida yake.
Nimekirudisha ndani ya kanga.
"Lugembe," nimesema, "hesabu wewe."

Amesimama. Hajachuchumaa.
Amehesabu polepole, akigusa kila taa ingali na joto,
hadi kumi na nane,
akanyamaza,
akatazama ndani ya mtumbwi, akatazama majini, akanitazama mimi,
na wote wawili tumeacha kupumua.

Ya kumi na tisa anayo Ng'washi,
ameinama kule kwenye majabali,
anatafuta ndala yake.