Nyekundu Mbili

Kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati,
miaka tisa likilalia vumbi la Katuba,
vumbi jekundu lile linaloingia hata ndani ya yai.
Nimelishusha leo kwa sababu ya panya.
Panya, tofauti na mimi,
haoni haya kufungua kitu.

Thelathini na mmoja. Hakuna aliyezidi kidole changu cha mwisho.
Fanfari ya kampuni, ile iliyokuwa ikishuka na avenyu
siku za mshahara, watoto nyuma, mbwa nyuma ya watoto.
Niliwachonga kwa mjakaranda ulioangushwa na upepo
mwaka ule baba alipolala chali akihesabu pumzi zake.
Alisema: Anza na ngoma.
Mwenye ngoma ndiye anayewaambia wengine miguu yao iko wapi.

Nikaanza na ngoma.
Nilipaka mmoja kwa siku, na akikauka
namsimamisha juu ya kifua cha baba,
naye anapanda, anashuka,
anapanda, anashuka,
askari mdogo wa muziki kwenye gwaride la blanketi.
Baba alicheka kwa pua. Kinywa kilikuwa kimechoka.

Siku ya kumi na tisa nilimleta wa klarineti.
Kifua hakikumpandisha.

Nikafunga kopo.
Nilisema, nangoja rangi.
Rangi ikaja, nikasema nangoja umeme.
Umeme, huo tunaungoja wote.

Brashi nimeikuta ngumu kama ndakala.
Nimeilowesha petroli, nimeitafuna kidogo,
mke wangu akaniangalia bila neno,
akasogeza kibiriti mbali.
Zimebaki nywele nne.
Nne zinatosha vifungo vya koti.
Kwa macho nitatumia sindano.

Nyekundu ya makoti nimeinunua soko la Kenya.
Muuzaji aliapa ni ileile.
Siyo. Ya zamani ilikuwa imeinamia tofali,
hii inapiga kelele kama mdomo wa bibi harusi.
Binti yangu Kaumba ameinama mezani:
"Papa, hawa haba na macho. Na hawa haba na koti moja.
Upake bote upya."

Hapana.
Wale kumi na tisa walipandishwa na pumzi.
Siwagusi.
Acha fanfari iwe na nyekundu mbili,
watu waseme fundi alifilisika katikati ya kazi,
si uongo.

Basi nikapaka. Jumapili nne, dirishani, kabla mvua haijafunga mwanga.
Mutonkole wa tuba, mashavu mandazi mawili.
Wale ndugu wawili wa matoazi waliogombana maisha yao yote:
nimewaweka mbalimbali, hata hapa.
Mmoja mguu wake ulivunjika koponi,
nimemtia njiti ya kibiriti, anachechemea kwa heshima.

Wa mwisho ni wa tromboni.
Nilijua tangu mwanzo kwamba atakuwa wa mwisho,
na labda ndiyo maana ya miaka tisa, sijui,
sipendi kujichunguza sana mbele ya rangi mbichi.
Jicho la kwanza lilikaa vizuri.
La pili, mkono ukatikisika, likatoka kubwa,
jicho la mtu aliyesikia jina lake likiitwa nyuma.
Nilishika kitambaa nilifute.
Nikakiweka chini kitambaa.

Nilidhani nitalia, au nitaita majirani.
Nilinawa mikono. Nilikula ugali uliopoa.

Kopo, Kaumba amelisugua, lina maharagwe.
Jioni mkono wangu bado unalitafuta juu ya kabati,
unapapasa hewa, unarudi.

Wamesimama dirishani safu nne, wamegeukia bomba la moshi.
Malori ya madini yakipita, ubao unatetemeka,
na wote wanatembea kidogo, upana wa unywele,
kuelekea ukingoni.
Wa klarineti ndiye anayeanguka kila mara.
Asubuhi namwokota, namfuta vumbi,
namrudisha mahali pake.